Ukurasa Uliojifunza Kujibu

Ndugu msomaji, sisi vijana wa mjini tunaotaka kuitwa waandishi tuna ugonjwa mmoja. Tunaweza kubishana kuhusu shairi huru na shairi la arudhi hadi chai ikapoa na muuza vitumbua akafunga. Tunajua mchapishaji gani analipa na yupi anakupiga kalenda. Lakini mtu akituuliza: maneno yako yakishatoka kwenye simu yanakwenda wapi? Yanapokewa na nini? Na hicho kinachoyapokea kiliandikwa na nani? Hapo kila mmoja anakohoa na kutazama pembeni.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Leo nataka kusimulia jinsi vilivyoundwa. Siwaandikii mafundi, wao wana vitabu vyao. Nawaandikia wenzangu wa kalamu, maana hii nayo ni historia ya maandishi. Ni historia ya watu waliokataa ukurasa ubaki bubu, na ya ugomvi wa nani aruhusiwe kuuondolea ububu huo.

Bango lisilosikia

Tuanzie Uswisi. Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, aliwapa wakubwa wake pendekezo la namna ya kuunganisha maandishi yaliyotawanyika kwenye kompyuta mbalimbali. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 seva ya kwanza ya mtandao wa kurasa ilikuwa inafanya kazi, juu ya kompyuta moja tu aina ya NeXT. Ilibandikwa karatasi ya onyo, kwa wino mwekundu: mashine hii ni seva, msiizime. Yaani mtandao mzima wa wakati ule mfagiaji angeweza kuuzima kwa kidole, akaenda zake nyumbani.

Neno seva linatisha bure. Seva ni programu inayokaa macho usiku na mchana ikisubiri kuulizwa. Mfikirie muuza duka wa mtaani kwenu. Unamwambia, "Nipe sabuni ya mche," anageuka kwenye rafu, anaitoa, anakupa. Seva ya kwanza ilifanya hivyo hivyo. Brauza ya msomaji inaomba faili fulani, seva inalitafuta kwenye diski, inalituma lilivyo. Basi. Wasomaji mia wakiomba, wote mia wanapewa faili lile lile, kama watu mia waliosimama mbele ya bango moja.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za mtandao huo ni mali ya umma, kila mtu azichukue bila malipo. Hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Lakini bango linabaki bango. Huwezi kuliuliza neno. Huwezi kuliambia, "Mimi naitwa fulani, nimesoma hadithi yako, mwisho wake sikuupenda." Msomaji alikuwa na macho tu, mdomo hana.

Mlango wa jikoni

Waliompa msomaji mdomo walikuwa vijana. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kulikuwa na kituo cha kompyuta kubwa kilichoitwa NCSA. Hapo ndipo ilipotoka Mosaic mwaka 1993, brauza ya Marc Andreessen na Eric Bina iliyofanya watu wa kawaida waupende mtandao. Mwenzao Rob McCool akaandika seva ya kuendana nayo, NCSA HTTPd. Na mwaka huo huo wa 1993, McCool pamoja na wenzake waliokuwa wakiandikiana kutoka nchi mbalimbali, walikubaliana juu ya desturi moja ndogo iliyobadilisha kila kitu. Wakaiita CGI.

CGI si programu na wala si lugha. Ni makubaliano tu, kama yale ya muuza duka na mpishi aliye jikoni. Mteja akitaka kitu ambacho hakiko kwenye rafu, kitu cha kupikwa sasa hivi, muuza duka anafungua mlango wa nyuma na kumkabidhi mpishi karatasi: huyu mteja ametaka hiki, ameongea lugha hii, ametoka huku. Mpishi anapika na kukirudisha kwa muuza duka, naye anampa mteja. Mteja hamwoni mpishi.

Karatasi hiyo ndiyo seva inayoijaza. Inaandika maelezo katika vitu viitwavyo vigeu vya mazingira, kila kimoja na jina lake. Kimojawapo ni QUERY_STRING, ambacho hubeba yale aliyoyajaza msomaji kwenye fomu: jina, alama ya sawasawa, jibu, kisha alama ya &, kisha jina jingine. Kama ujumbe ni mrefu hautiwi kwenye karatasi, unamiminwa moja kwa moja kwenye mdomo wa programu, na seva inataja tu urefu wake. Programu nayo ikijibu, ina sharti moja la adabu: kwanza itaje aina ya kitu inacholeta, kisha iache mstari mtupu, ndipo ilete chenyewe. Ukiusahau ule mstari mtupu, msomaji anapata kosa namba 500 na hakuna anayemwambia kwa nini.

Tazama uzuri wake. Makubaliano hayakusema mpishi awe kabila gani. Programu ingeweza kuandikwa kwa lugha yoyote ya kompyuta, mradi inajua kusoma karatasi na kurudisha sahani. Ilichukua hadi Oktoba 2004 makubaliano hayo kuandikwa rasmi kama waraka wa mtandao, namba 3875. Kwa miaka zaidi ya kumi dunia nzima ilikuwa imeyafuata kama mila, bila kusubiri muhuri.

Mtu wa isimu aliyekosa safari

Lugha iliyoingia jikoni kwa fujo zaidi ni Perl. Hapa wapenzi wa lugha tegeni sikio, kwa sababu huyu ni mtu wetu.

Larry Wall, Mmarekani aliyezaliwa 1954, hakuanza kama mtu wa mashine. Yeye na mkewe walisoma isimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwa na nia ya kutafuta lugha isiyo na maandishi, huenda ya Afrika, ili waitungie mwandiko. Afya ikamkatalia, safari ikafa. Akaishia kwenye kazi za kompyuta, na tarehe 18 Desemba 1987 akaitoa Perl. Hivi fikiria: mtu aliyetaka kuja huku kuandika lugha za watu akabaki kwao, akaunda lugha yake mwenyewe.

Na isimu yake inaonekana. Katika Perl, kitu kimoja hubebwa na alama ya dola mbele yake, vitu vingi hubebwa na alama ya @. Kwa hiyo utaandika $mtu, lakini @watu. Ukitaka mmoja kutoka katika kundi, alama ya mbele inabadilika tena kuwa ya umoja: $watu[0]. Mwingereza huweka wingi wake mkiani mwa neno, kwa hiyo lazima hilo limtatize kidogo. Sisi tuliolelewa na ngeli ya M-WA tunaona ni kawaida kabisa, kichwa cha neno ndicho kinachosema ni mmoja au ni wengi. Ningependa siku moja mwalimu wa kompyuta aanzie hapo.

Perl ilifaa kwa sababu ilikuwa hodari wa kuchambua maandishi, na mtandao ni maandishi matupu. Perl 5 ilipotoka mwaka 1994, jikoni za seva zilijaa wapishi wa Perl: vitabu vya wageni, vihesabio vya wasomaji, fomu za kutuma barua. Tarehe 25 Machi 1995, Ward Cunningham aliweka hadharani WikiWikiWeb, ukurasa ambao msomaji yeyote angeweza kuurekebisha papo hapo. Nyuma yake ni skripti ya Perl kupitia CGI. Wikipedia ilipozaliwa tarehe 15 Januari 2001, nayo iliendeshwa na skripti ya Perl. Ensaiklopidia kubwa kuliko zote duniani ilianzia kwenye ule mlango wa jikoni.

Namba saba na namba tano

Sasa tuingie kwenye kuisimamisha seva yenyewe, kwa sababu historia bila kushika chombo ni porojo.

Mimi seva yangu iko juu ya kompyuta kuukuu, chumbani kwangu Magomeni. Nimeweka Linux, kisha Apache, na inaendesha fomu ambayo wenzangu wa kikundi huitumia kutuma mashairi. Kabla sijaanza nilimwendea mzee mmoja fundi wa Kariakoo, ambaye amefungua kompyuta nyingi kuliko nilivyofungua vitabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kuuza au kutengeneza?"

Nikamweleza. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, seva haina uchawi. Ina mambo matatu tu: faili liko wapi, nani mwenye ruhusa, na nani ataliendesha. Ukishindwa, rudi kwenye hayo matatu."

Faili liko wapi. Tangu siku za NCSA, programu za CGI hukaa kwenye folda maalumu, kwa desturi huitwa cgi-bin. Faili lililo nje ya folda hiyo seva hulituma kama maandishi. Lililo ndani, inaliendesha. Ukuta huo mmoja ndio unaotenga bango na jiko.

Nani mwenye ruhusa. Linux na ndugu zake wa ukoo wa Unix huuliza mambo matatu kuhusu kila faili: kusoma, ambako kuna thamani ya 4, kuandika, thamani ya 2, na kuendesha, thamani ya 1. Unajumlisha. Ukiandika amri ya chmod 755, umesema mwenye faili ana 7, yaani yote matatu, na wengine wana 5, wasome na waendeshe lakini wasiguse maandishi. Seva nayo inahesabiwa miongoni mwa hao wengine. Ukisahau ile moja ya kuendesha, skripti yako iko pale, nzuri, sahihi, na haifanyi lolote.

Nani ataliendesha. Mstari wa kwanza kabisa wa skripti hutaja mkalimani: alama ya reli, alama ya mshangao, kisha anwani yake kwenye mashine, kama vile #!/usr/bin/perl. Hapa kuna mtego uliowaliza vijana wa miaka ya 1990. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Unix kwa moja. Mtu aliandika skripti yake kwenye Windows, akaisafirisha bila kugeuzwa, na mashine ikaanza kumtafuta mkalimani aitwaye "perl" na alama moja ya ziada isiyoonekana mkiani. Hayupo. Kosa namba 500. Macho hayaoni tofauti yoyote. Noma kweli.

Siku hizi kazi imekuwa nyepesi. Kwenye Debian amri moja tu, apt install apache2 php libapache2-mod-php, inakuletea seva, lugha, na kiungo cha kuvifunga pamoja. Unaweka faili ndani ya /var/www/html, unalitaja kwenye brauza, linajibu. Wenzangu wakiwa wameunganishwa kwenye waya huo huo wa nyumba wanaisoma kwa simu zao. Kwa dunia ya nje ni hadithi nyingine, maana chumba hakina anwani ya kudumu mtandaoni na umeme una mambo yake. Atakaye kusomwa mbali atalazimika kukodi nafasi kwenye seva ya watu. Na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Viraka vilivyogeuka nguo

Rob McCool aliondoka NCSA katikati ya mwaka 1994. Seva yake ilikuwa imeenea, lakini haikuwa na mlezi. Kila aliyekuwa akiitumia alikuwa na kiraka chake: huyu kaziba tundu, yule kaongeza kitu. Februari 1995 Brian Behlendorf na Cliff Skolnick waliwakusanya wenye viraka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakawa kundi la watu wanane, wakatoa Apache ya kwanza Aprili 1995, na toleo 1.0 tarehe 1 Desemba mwaka huo. Jina lilichukuliwa kwa heshima ya Waapache, wenyeji wa Marekani, na pia lilifanana kimatamshi na maneno ya Kiingereza ya kitu chenye viraka. Kufikia Aprili 1996 ndiyo iliyokuwa seva inayotumika zaidi duniani. Hakuna kampuni iliyoiagiza. Waliitengeneza kwa sababu walikuwa wanaihitaji kesho asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1995 ndipo alipotokea Rasmus Lerdorf. Alizaliwa Qeqertarsuaq, kisiwani Greenland, akakulia Denmark na Kanada. Tangu 1994 alikuwa na programu ndogo za CGI, alizoziandika kwa lugha ya C, za kumwonyesha nani anatazama wasifu wake mtandaoni. Tarehe 8 Juni 1995 alizitoa kwa umma kwa jina la vifaa vya ukurasa binafsi. Kifupi chake ni PHP. Zeev Suraski na Andi Gutmans, wanafunzi wa Israeli, wakaiandika upya injini yake, na PHP 3 ikatoka Juni 1998.

PHP haikuwa nzuri kuliko Perl. Wajuzi waliicheka, na wengine wanaicheka hadi leo. Ilishinda kwa mambo mawili. La kwanza, iligeuza mpangilio: badala ya programu inayotapika ukurasa, ukaandika ukurasa wako wa kawaida na kuchomeka vipande vya programu katikati. Aliyejua kuandika bango alikuwa ameshafika nusu ya safari. La pili ni la gharama. Kwa CGI kila msomaji akibisha, mashine huamsha mkalimani mpya kutoka usingizini, amhudumie, kisha afe. Wasomaji mia kwa pamoja ni wakalimani mia kwenye kumbukumbu. PHP ilijifunza kukaa ndani ya tumbo la Apache yenyewe, ikiwa macho tayari. Perl nayo ilipata njia kama hiyo mwaka 1996, mod_perl, lakini hiyo iliingia hadi kwenye mishipa ya seva, na wenye mashine za kukodisha waliogopa kuwapa wapangaji kisu kirefu hivyo. PHP ilikuwa kisu cha jikoni. Wakaruhusu.

Ndiyo maana WordPress, iliyotoka Mei 2003, ni PHP. Ndiyo maana Facebook ilianza kwa PHP mwaka 2004. Wikipedia ilihamia PHP Januari 2002, kwa hiyo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imesimama juu ya PHP. Na mfumo wa Ushahidi, uliozaliwa Kenya Januari 2008 katika siku zile za damu baada ya uchaguzi, ili mwananchi aseme alichokiona mtaani kwake na kionekane kwenye ramani, ulipokuja kutolewa kwa dunia nzima uliandikwa kwa PHP. Kitu cha kuhesabu wasomaji wa wasifu wa kijana mmoja kilikuja kubeba ushahidi wa watu waliokuwa wanakimbia nyumba zao.

Wezi wa mlango wa nyuma

Tusidanganyane lakini. Mlango unaoruhusu mteja kumwagiza mpishi unaruhusu pia mteja mbaya. Pamoja na seva ya NCSA na ile ya Apache ilisambazwa skripti ya mfano iliyoitwa phf, ya kutafuta majina kwenye orodha ya simu. Mwaka 1996 tahadhari ikatolewa: mtu akichomeka alama ya mstari mpya katikati ya jina analotafuta, seva ilitekeleza amri yoyote aliyoiandika baada yake. Wengi walikuwa nayo kwenye cgi-bin bila kujua kama wanayo.

Tarehe 24 Septemba 2014 ikatangazwa nyingine, Shellshock. Tundu lilikuwa kwenye Bash, programu ya kupokea amri, nalo lilikuwa limelala humo tangu 1989. Mshambuliaji aliandika amri yake mahali ambapo brauza hutaja jina lake. Seva, kwa utiifu wa makubaliano ya 1993, ikaliweka jina hilo kwenye ile karatasi ya mpishi. Bash ikaisoma karatasi na kutekeleza. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na nyumba ikaibiwa.

Kuna pia aibu ya kinyume chake, ya mpishi kutoka sebuleni na daftari la mapishi. Seva isipowekwa vizuri, badala ya kuiendesha PHP huituma kama maandishi, na msomaji anaona programu yenyewe. Agosti 2007 hilo liliwapata Facebook: seva zao chache ziliwaonyesha wageni msimbo wa ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo mwenzangu ukiisimamisha seva yako, jaribio la kwanza ni dogo tu. Andika PHP ya mstari mmoja, ifungue kwenye brauza, utazame: umeona jibu, au umeona swali?

Nyumba ya kupanga

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1990 kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyetaka ukurasa hakuwa na seva karibu. Nafasi ya bure aliipata Marekani, kwa mfano GeoCities, iliyoanza 1994. Pale uliweka kurasa, lakini cgi-bin yako mwenyewe hupewi. Ulitaka kitabu cha wageni, ulitumia chao. Ulitaka kihesabio, chao. Bango ruksa, jiko hapana. Tarehe 26 Oktoba 2009 mwenye nyumba mpya, Yahoo, akaibomoa. Kama si watu wa kujitolea walionakili walichoweza, mamilioni ya kurasa zingetoweka zote.

Hata barua ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilipanda kwenye setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ikarudi, na kila safari ililipiwa. Watoa huduma wa Kenya walipofungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, Novemba 2000, mamlaka ilikifunga ndani ya wiki chache baada ya shirika la simu kulalamika. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009. Kila hatua ilikuwa ya kulisogeza jiko karibu na mlaji, na kila hatua ilikuwa na mtu anayeshika kufuli.

Kufuli hazijaisha. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili na walipie leseni. Baadaye zikarekebishwa, lakini somo lilibaki. Kujua kusimamisha seva hakukupi uhuru wote. Sheria iko, bili ya umeme iko, kodi ya nafasi iko. Anayekuambia ukijifunza PHP umekombolewa anakuuzia maji ya mto.

Lakini anayekuambia haina maana kujua anakuuzia kitu kibaya zaidi. Leo hadithi zetu nyingi tunaziweka kwenye kurasa za kampuni tatu au nne. Tunaandika, wanapanga wao nani asome, kwanza nini, baada ya tangazo gani. Zile namba za fundi wa Kariakoo zinasaidia kuielewa hali hiyo. Kusoma, nne: tunayo. Kuandika, mbili: tunayo, wakitaka. Kuendesha, moja: hatuna. Jumla yetu ni sita. Hiyo moja iliyokosekana ndiyo inayoamua maneno yafanye nini baada ya kuandikwa, na kina McCool, Wall, Behlendorf na Lerdorf waliitoa bure ili yeyote aichukue.

Rai yangu ni ndogo, ndugu zangu. Kikundi cha waandishi kinachoweza kuchanga pesa ya kudurufu nakala mia kinaweza kuchanga pesa ya kukodi seva ndogo, na kuwa na mtu mmoja anayejua faili liko wapi, nani ana ruhusa, na nani ataliendesha. Si lazima kila mshairi awe fundi. Zamani pia si kila mshairi alijua kukaza mashine ya chapa, lakini kikundi kilichokuwa na mtu kama huyo hakikumsubiri mwenye mashine aamke.